Siku Niliyomuua Bibi kwa Kidole Gumba

Kwetu mtu akija na habari kutoka mbali, haulizwi mlangoni. Anapewa kigoda, anapewa maji, anaachwa apumue. Wenyeji wanajifanya wana shughuli: huyu anafagia palipokwisha kufagiwa, yule anachochea moto ambao wala haujalala. Watoto wanatumwa kuni. Halafu ndipo mkubwa wa nyumba anauliza, "Haya, huko utokako?" na aliyetumwa anamwambia yeye peke yake, kwa sauti ya chini. Kilio kinaanzia kwa mkubwa, kinaenda kwa wengine.

Nilipokuwa mdogo, mtu wa kutumwa katika ukoo wetu alikuwa mmoja tu, babu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa baba. Bibi anaishi kando ya Ziwa Nyasa, mwendo wa pikipiki kutoka Mbamba Bay. Sisi tuko juu Mbinga, kwenye kahawa na baridi, maana baba alipandisha milima akiwa kijana, akaoa Mmatengo, akabaki. Babu mdogo alikuwa na kofia ya pama iliyopinda upande mmoja. Kofia ile ikionekana tu kwenye kona ya njia yetu, mama alikuwa anaipua chungu hata kama maharage hayajaiva. Hakuwahi kuja kwa ajili ya harusi, wala kusalimia tu. Alikuja kwa misiba.

Mimi nilichukia kutumwa kuni. Nilitaka na mimi nijue. Zaidi ya kujua, nilitaka niwe mimi ninayesema. Baba alikuwa na redio ya betri, na ikifika saa ya matangazo ya vifo sote tulinyamaza, tukisikiliza majina ya watu tusiowajua yakitajwa kwa sauti nzuri, ya upole, kama mtu anayekufunika shuka. Kesho yake nilichukua gunzi la mahindi, nikalishika mbele ya mdomo, nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha jogoo mwekundu, kilichotokea jana jikoni." Mama alicheka mpaka akaketi chini. Hapo nikajua nitakuwa mtangazaji. Matokeo ya kidato cha nne yalikuja yakasema vingine, lakini mimi ni mtu wa kuota, na ndoto yangu haikusoma matokeo.

Nikapata kazi mjini Mbinga, kwenye kibanda cha kuuza makava na chaja na kubandika vioo vya simu. Nikawa wa kwanza nyumbani kushika simu ya kupangusa. Nikaanzisha grupu la familia: wa Mbinga, wa Songea, wa Dar, na binamu mmoja aliyeko ng'ambo ya ziwa, Malawi. Nikawafundisha wakubwa mmoja mmoja. Baba ujumbe wake wa sauti anauanza "Halo, halo, mnanipata?" na anaumaliza kwa "mwisho wa taarifa". Mimi ndiye admini. Jogoo wangu alikuwa na wasikilizaji wanne, sasa nilikuwa na zaidi ya arobaini. Nilijisikia nimepata redio yangu.

Mtu mmoja tu hakuwa akiandika kitu mle ndani. Baba mkubwa, kaka yake baba, mzaliwa wa kwanza wa bibi. Yeye ni fundi magari huko Makambako. Babu mzaa baba alipofariki, mimi nikiwa darasa la tatu, simu zilikuwa za kupandia kilimani na namba yake ilikuwa imefutika kwenye daftari. Babu mdogo akatumwa kwa basi. Lori likakwama kwenye tope mahali, basi likasimama nyuma yake, siku zikapita. Joto la ziwani halisubiri mtu. Baba mkubwa alipofika alikuta udongo umeshakauka juu. Nasikia alisimama pale kaburini na begi lake mkononi, hakuliweka hata chini. Akasema, "Mmemzika baba bila mimi," akaondoka na gari lile lile lililomleta. Hakurudi tena. Alimpelekea bibi vitu, mablanketi, sukari, redio, lakini mwenyewe hakurudi.

Haya. Siku ile nilikuwa nyumbani peke yangu, jioni jioni. Baba yuko shambani anapogoa kahawa, mama yuko kwenye jumuiya. Simu yangu ikaita, namba ngeni. Nikapokea, nikasikia upepo, kisha sauti ya babu mdogo.

"Baba yako yupo?"

"Shikamoo babu. Yuko shamba."

"Marahaba. Kamwite."

"Babu, kuna nini? Niambie mimi."

"Wewe ni mtoto. Habari anaambiwa mwenye nyumba. Kamwite, simu yenyewe ya watu."

"Babu, ni bibi?"

Nikasikia upepo tena. Halafu akasema, "Kamwite baba yako, mjukuu wangu," na simu ikakatika.

Babu mdogo, ambaye hajawahi kupiga simu. Babu mdogo, ambaye tangu nizaliwe hajaleta kitu kingine isipokuwa kifo. Na hataki kumwambia mtoto. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, nampenda bibi yangu kuliko ninavyoweza kueleza. Ila nikiwa bado nalia, kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kazi. Hili ndilo ninaloona haya kuliandika. Sikukimbia shambani. Ni mwendo wa dakika kumi na tano tu, unashuka bonde, unapita shamba la ngoro la jirani, lile la mashimo ya kuzuia maji mlimani, umefika. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikitafuta maneno mazuri.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha mama yetu, bibi yetu, nguzo yetu, kilichotokea leo ziwani." Nikatafuta picha yake, ile aliyovaa kitenge cha Pasaka. Nikaweka mshumaa pembeni. Nikaona mshumaa mmoja haupendezi, nikaweka miwili. Nikatuma.

Ndipo nikaondoka kwenda shambani. Kabla sijavuka bonde nikasikia sauti ya baba. Jirani yetu, ambaye mke wake ni binamu yetu na yumo kwenye grupu, alikuwa ameshamfikia. Alimkuta juu ya ngazi, ana mkasi mkononi, akamwambia, "Pole mzee mwenzangu kwa mama." Baba yangu alipata habari ya mama yake kwa jirani, kwa pole, akiwa juu ya ngazi. Aliponiona alisema tu, "Ulijua?" Nikaitika kwa kichwa. Akashuka pole pole, kama mtu anayehesabu vidato.

Usiku baba aliipigia ile namba ngeni, haikupatikana, asubuhi tukashuka kwenda ziwani kwenye gari la kukodi, na unga, maharage, masufuria makubwa, na wamama wanne wa jumuiya. Njia nzima simu yangu ilikuwa inalia salamu za rambirambi. Watu walimwandikia bibi mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwambia usoni. Na katikati yake, baba mkubwa, kwa mara ya kwanza tangu grupu lianze, aliandika neno moja.

"Nakuja."

Nilimsomea baba. Akageuzia uso dirishani mpaka Mbamba Bay.

Kwa desturi, kilio cha kuingia msibani kinaanzia njiani. Tulipofika kwenye lango la matete la uwanja wa bibi, wamama wakafunga kanga viunoni wakaanza, na mama yangu akaanguka magotini, na mimi nyuma yao nimejitanda kichwani nalia kwa sauti ambayo nadhani hata Malawi ilisikika. Mlango wa nyumba ukafunguka. Bibi akatoka. Amejifunga shuka la ugonjwa, ana uji umekauka kwenye kidevu. Akatutazama, akashika kichwa kwa mikono miwili, na yeye akaanza kulia.

"Nani? Jamani, nani? Nani amekufa?"

Alidhani tumemletea msiba kutoka Mbinga. Alikuwa amefika katikati ya uwanja, anajifunga shuka kiunoni ili alie vizuri, ndipo akagundua analia peke yake. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa amekaa juu ya mfuko wa unga, mdomo wazi.

Babu mdogo akatokea nyuma ya nyumba na kofia yake ile ile.

Baba akamuuliza kwa upole kabisa, "Mjomba, jana ulipiga simu."

"Nilipiga. Dada alikuwa na homa kali, akasema anataka kumwona mwanae wa kwanza kabla hajafa, nikasema nikuambie wewe umtafute. Huyu binti akasema hupo." Akanigeukia. "Mjukuu wangu, nilikuambia nini?"

"Nimwite baba."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Sasa aliyemuua dada yangu ni nani?"

Wamama waliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kushukuru, najua, walikuwa wanashika vifua na kusema Bwana asifiwe. Lakini mimi niliweza kuona kucha za miguu yangu tu. Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningelia, yangeisha. Alivua koti lake akalitandika chini, akamkalisha mama yake juu yake, akakaa naye.

Na mimi, nikiwa nimesimama pale, nikafanya kosa la pili kwa haraka ile ile ya kwanza. Nikatoa simu nikaandika: "Samahani sana wapendwa, taarifa ya jana haikuwa sahihi, bibi yupo hai na anaendelea vizuri." Nikaweka maua. Nisiseme niliandika kwa ajili ya ndugu waliokuwa wanalia huko waliko. Niliandika ili nioshwe. Nilitaka aibu iishe kabla ya chakula cha mchana.

Bibi alikuwa ananitazama. "Unaandika nini?"

"Nawaambia watu uko hai, bibi."

"Walisema nini nilipokufa? Nisomee."

Nikaketi karibu yake nikamsomea. Kwamba alimlea fulani aliyeachwa yatima. Kwamba hakuna aliyekausha samaki wa mbasa kama yeye. Kwamba binti mmoja wa Songea alisomeshwa kwa dagaa wake. Alisikiliza amefumba macho, mara nyingine anacheka puani. "Huyo mwongo," alisema. "Huyo nilimchapa." Kisha akauliza, sauti imebadilika, "Na mwanangu wa Makambako?"

"Ameandika 'Nakuja'."

"Soma tena."

"Nakuja."

"Ndiyo hivyo tu? Anakuja?" Akakaa wima. Alishika mkono wa baba. "Anakuja!" Akaanza kutoa amri, ndoo ijazwe, kuku yule mweupe ashikwe, mtu aangalie kama kitanda cha ndani kina kamba nzima. Mgonjwa aliyekuwa anakufa jana alisimama kwenda kutazama kitanda.

Simu ikalia mkononi mwangu. Ilikuwa ni yeye. Nikaisoma kimoyomoyo, nikaona dunia inaondoka chini yangu.

"Mungu mkubwa. Nimefika Songea muda huu. Basi nalala hapa gereji kwa rafiki yangu, kesho mchana narudi na lori. Msalimieni mama."

Bibi alirudi akanikuta nimekaa vile vile. Akataka nimsomee. Nikamsomea. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaokota dagaa mmoja aliyeanguka chini, akampangusa mchanga muda mrefu.

"Ungechelewa kidogo tu kunifufua," akasema. "Ungeniacha nife mpaka kesho."

Baba alitaka kumpigia kaka yake. Bibi akakataa. Alisema mtoto wake anajua kukataa simu, ameikataa miaka mingi, na akipigiwa tena atapata sababu ya kutokuja. Akaninyooshea kidole mimi.

"Ataenda huyu. Alfajiri, na gari la kwanza. Na simu aniachie."

"Bibi, nisipokuwa na simu nitamwambiaje kama—"

"Una mdomo. Ukifika, kaa. Kunywa maji. Akikuuliza, mwambie, mama anakuita. Usiongeze kitu. Wewe unapenda kuongeza."

Akaichukua simu yangu, akaifungia kwenye sanduku lake la bati, chini ya vitenge. Ilikuwa inalia mle ndani kama panya.

Nilipanda milima kulipokucha, Mbamba Bay, Mbinga, nikabadilisha gari, Songea. Mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni kila mara, unakuta hamna kitu. Sikuwahi kujua barabara ile ina mito mingi hivyo. Kabla ya saa tano, kwa kuulizia fundi wa Makambako, niliiona gereji, nyuma ya stendi, na baba mkubwa ameketi kwenye tairi kuukuu, anamenya yai. Nilimjua kwa sababu ana uso wa baba, ila umekaushwa.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mimi ni mtoto wa mdogo wako wa Mbinga."

Alinitazama miguuni. Vumbi. Akanitazama mikononi. Hamna simu, hamna begi. Akamwambia rafiki yake kwa sauti ndogo, "Mletee mtoto kiti. Mletee maji."

Nikakaa. Nikanywa. Nilikuwa nasubiri swali, kama nilivyoagizwa, kama inavyotakiwa. Rafiki yake alichukua ufagio akaanza kufagia sakafu ya oili. Nilipoona ule ufagio nikaelewa wanafikiri nini.

Ningeweza kusema. Kikombe kilikuwa kimeisha, mdomo ulikuwa wangu. Baba mkubwa aliweka yai chini, hajalila. Akaenda kwenye pipa, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa tena.

"Usiniambie," alisema, amenipa mgongo. "Kwenye simu walisema amekufa, kwenye simu wakasema mzima. Nikasema basi, simu ndivyo ilivyo. Sasa wewe umekuja kwa miguu yako." Akazima simu yake akaitia mfukoni. "Twende."

Hakuniuliza. Na mimi, ambaye maisha yangu yote sijawahi kungoja kuulizwa, siku ile nilingoja.

Kutoka Songea mpaka ziwani ni saa nyingi. Alikaa dirishani, mimi pembeni yake. Hakuuliza lile swali. Aliuliza madogo madogo.

"Alikula nini mara ya mwisho?"

"Uji wa muhogo."

"Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alisemaje?"

"Alisema uje."

Akaingiza kola ya shati mdomoni, akaing'ata, mtu mzima mwenye mvi, na mabega yakaanza kutikisika. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli tupu namna ile na kujisikia mwongo namna ile. Nilijiambia, nikisema sasa atashuka Mbinga. Nilijiambia ni agizo la bibi. Yote yana ukweli. Lakini kuna kitu kingine, nacho nitakisema kwa sababu nimeamua kusema yote: kipande changu kidogo kilikuwa kinafurahi. Jana yake nilikuwa mtu ambaye hakuna wa kumwamini tena. Na huyu ameniamini bila hata kunisikia. Gari lilipofika pale mlimani unapoliona ziwa kwa mara ya kwanza, limelala lote bluu, alifunika macho kwa mkono. Mimi nilitazama mbele.

Uwanjani hapakuwa na kilio. Aliingia amekwisha kuvua kofia, akakuta mama yake amekaa kwenye mkeka, anachambua dagaa, amevaa kitenge cha Pasaka.

Alisimama. Begi lilikuwa mkononi. Nilikuwa naliangalia lile begi.

"Umefika," bibi akasema. "Hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka begi chini, mwanangu."

Akaliweka. Akaenda akalala pale mkekani, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, dagaa wote wakamwagika. Bibi alikuwa anamtoa magamba kwenye nywele.

Alikaa siku tatu. Alirekebisha mlango, alienda na baba kwenye kaburi la babu, wakang'oa majani. Alicheka na babu mdogo. Kwangu aliitikia shikamoo na kupita. Siku ya kuondoka nilibeba begi lake mpaka barabarani, nikiwa nyuma yao, na nikamsikia anamwambia baba, hana hasira, kama anayeagiza kitu cha kawaida tu:

"Siku mama akienda kweli, huyu asitumwe. Sitamwamini."

Bibi yupo hai ninapoandika haya, anakohoa kidogo. Simu yangu nilirudishiwa, ilikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili, na bado mimi ndiye admini kwa sababu hakuna mwingine anayejua namna ya kuniondoa. Ndoto yangu ya redio bado ninayo, nacheka nayo njiani nikienda kibandani.

Lakini lile neno linaniamsha. Kwa sababu siku hiyo itakuja, na kama nilivyomfanyia, atasikia habari ya kweli atafikiri ni mchezo, na udongo utakauka tena kabla hajafika. Nimeandika kumwomba radhi mara nyingi. Naandika, naona maneno yanapendeza, nafuta. Yeye hawezi kuombwa radhi kwa kidole.

Mavuno ya kahawa yakiisha nitaomba ruhusa ya siku tatu. Simu nitamwachia mama. Nitaenda Makambako, nitauliza gereji yake, nitamwamkia. Halafu nitasema hapo hapo mlangoni, kabla hajanitazama miguu, kabla ya kiti na maji, "Bibi mzima, nimekuja kwa ajili yangu." Akitaka kunipa maji baada ya hapo, nitakunywa.